Unyevu ndani ya kasha la kamera ya majini: unatoka wapi na unazuiwaje

Kati ya mwezi Oktoba na Machi, boti za Kilindoni, kisiwani Mafia, hutoka asubuhi kuwatafuta papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, lakini ni mpole, anakula vijidudu na dagaa wa juu juu ya maji, na wageni hulipa ili waogelee karibu naye. Siku hizi kwenye boti hizo kamera haikosekani. Kuna ya mgeni, kuna ya mtafiti, na kuna ile ndogo ya mwongozaji mwenyewe, aliyoinunua kwa kujinyima.

Picha hizo zina kazi kubwa kuliko kumbukumbu ya safari. Papa potwe ana madoa meupe mwilini, na mpangilio wa madoa yaliyo ubavuni, nyuma ya matamvua na juu ya pezi, haufanani kati ya samaki mmoja na mwingine. Ni kama alama za vidole vya binadamu. Watafiti hutumia zaidi ubavu wa kushoto, kisha programu ya kompyuta inalinganisha madoa hayo na picha za miaka ya nyuma. Hesabu iliyomo ndani ya programu hiyo ilibuniwa kwanza na wataalamu wa anga kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota, na mwaka 2005 ikatangazwa kuwa inafaa pia kwa madoa ya papa. Kwa hiyo picha moja safi iliyopigwa na kijana wa Kilindoni inaweza kuonyesha kwamba samaki wa leo ndiye yule aliyepita hapo miaka mingi nyuma. Picha yenye wingu katikati haionyeshi kitu, na samaki hatasubiri ufute kioo.

Wingu hilo ndilo tunalolieleza hapa. Wasikilizaji wenye kamera za majini, na wengi zaidi wenye simu ndani ya mifuko ya plastiki, wanatuuliza kasha linavuja wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba halivuji popote. Maji yaliyotanda kwenye kioo mliyafungia humo wenyewe mkiwa nchi kavu.

Maji yaliyo hewani

Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji, iweke mezani. Baada ya dakika chache inatoa jasho kwa nje. Soda haijapenya kwenye kioo. Ni mvuke uliokuwa hewani ambao umegusa kitu cha baridi, ukashindwa kuendelea kuwa mvuke, ukawa matone. Ndani ya kasha la kamera mambo ni yale yale, ila hapa jasho linatoka upande wa ndani, kwa sababu baridi iko nje, kwenye bahari.

Hewa ya joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi joto 30, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba kama gramu 30 za maji. Kwenye nyuzi 25 inabeba kama gramu 23 tu. Sasa, hewa ya pwani yetu karibu kila siku imeshajaa kwa sehemu kubwa. Ikiwa ni nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, jambo la kawaida kabisa wakati wa kaskazi, hewa hiyo imebeba kama gramu 24. Ukiipoza hadi kama nyuzi 26, inaanza kutema maji.

Bahari ya pwani ya Tanzania hucheza kati ya nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na nyuzi 29 au 30 kaskazi inapokuwa imekolea. Utaona basi kwamba sisi tuko pembeni kabisa mwa mstari. Hewa ikifungwa ndani ya kasha bila kitu kingine, siku nyingi za kaskazi haitoi ukungu, maana bahari yenyewe ni vuguvugu. Lakini nafasi iliyobaki ni nyuzi chache tu, mbili au tatu, na kosa dogo linaimaliza yote.

Tone moja linatosha

Kosa hilo kwa kawaida ni tone la maji. Hapa hesabu inashangaza kidogo, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kasha lenye nafasi ya hewa ya lita moja, yaani kasha kubwa la kamera ya kitaalamu, linabeba kama miligramu 24 za mvuke katika hali niliyoitaja. Tone moja la maji linalodondoka kwenye ncha ya kidole lina uzito wa kama miligramu 50. Yaani tone moja la jasho kutoka kwenye paji la uso lina maji mara mbili ya yale yaliyokuwa ndani ya hewa yote ya kasha. Kwa kamera ndogo, zile za kufunga kifuani au kwenye kijiti, nafasi ya hewa ni kama sehemu ya kumi ya lita au pungufu. Humo tone hilo hilo ni mara 20 ya kile hewa ilichokuwa imebeba. Hewa haiwezi kulibeba tone zima. Kinachobaki kinazunguka humo ndani kikitafuta mahali pa baridi pa kutua.

Na mahali pa baridi kuliko pote, bahati mbaya, mara nyingi ni kioo cha mbele. Kasha la plastiki halipitishi joto kwa urahisi, kwa hiyo kuta zake zinabaki na uvuguvugu kwa muda, ilhali kioo chembamba cha mbele kinapoa haraka kikiguswa na bahari. Makasha ya alumini yana nafuu kidogo, kwa sababu mwili wote wa kasha unapoa na unyevu hutua kwenye chuma kabla haujafika kwenye kioo. Lakini bei ya kasha la alumini kwa mwongozaji wa kawaida tusiizungumzie.

Kamera yenyewe inachangia. Ikirekodi video inapata moto, na moto huo unayageuza matone yaliyojificha kwenye pembe, kwenye tundu la betri au chini ya vitufe kuwa mvuke, ambao unaenda kutua kwenye kioo. Ndiyo maana watu wengi husema dakika kumi za kwanza picha zilikuwa safi, kisha wingu likaanza katikati na kutanuka. Kasha halikuanza kuvuja dakika ya kumi. Kamera ndiyo ilipata moto.

Tone linaingiaje? Kwa mikono iliyolowa. Kwa nywele zinazochuruzika juu ya kasha lililo wazi. Kwa jasho. Kwa pumzi pia: mtu anaona chembe ya vumbi kwenye kioo, anapuliza kwa mdomo, halafu anafunga. Pumzi ya binadamu ni ya joto na imejaa maji tele, kwa hiyo amefukuza chembe moja na kufungia kitu kibaya zaidi. Kitambaa kikavu na laini kinatosha, au kile kipira cha kupulizia hewa wanachotumia mafundi kamera.

Ila lililo baya kuliko yote ni kubadilisha betri katikati ya bahari. Umetoka majini, umelowa, boti inayumba, mgeni anaharakisha kwa sababu papa amejitokeza tena upande wa pili, na wewe unafungua kasha kwa vidole vinavyodondosha maji ya chumvi. Nimeona wazoefu wakifanya hivyo na wakapata picha nzuri. Nimeona pia video za namna hiyo ambazo kuanzia hapo mpaka mwisho ni maziwa matupu.

Pa kufungia kasha

Ushauri ulioandikwa kwenye vitabu vya makasha mengi ni kufungia kamera ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Ni ushauri wa kweli. Kiyoyozi hukausha hewa: chumba cha nyuzi 24 chenye unyevu wa asilimia 50 kina kama gramu 11 tu za maji kwa kila mita ya ujazo, na hewa hiyo haiwezi kutoa ukungu mpaka ipoe hadi nyuzi 13 hivi. Bahari yetu haifiki huko. Kwa hiyo kama unafanya kazi na hoteli, omba dakika tano za chumba cha ofisi kabla ya safari.

Kuna mtego mmoja katika hilo. Kamera iliyolala kwenye kiyoyozi imepoa. Ukiitoa na kuifungua nje, hewa ya pwani inaigusa na kuilowesha papo hapo, mpaka ndani ya lenzi, kama ile chupa ya soda. Basi, ukifungia ndani ya kiyoyozi, usifungue tena nje. Na kama ni lazima ufungue, iache kwanza ikiwa imefungwa kwa nusu saa hivi ipate joto la nje.

Wengi wetu hatuna kiyoyozi. Hapo kuna njia ya ndoo, na kwa maoni yangu inawafaa watu wa kijijini kuliko hata hiyo ya kiyoyozi. Tafuta ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana sawasawa, au bakuli kubwa la chakula lenye mfuniko wa kubana. Ndani yake weka punje za kukausha unyevu, kiasi cha mikono miwili, zikiwa kavu. Jioni weka humo kasha likiwa wazi pamoja na kamera, betri na pete ya mpira, ufunge. Usiku kucha punje zinavuta unyevu wa hewa, na pia ule ulioingia ndani ya plastiki yenyewe, maana plastiki nayo hunywa maji kidogo kidogo. Asubuhi fungua, pachika kamera, funga kasha haraka kwa mikono mikavu. Hewa mpya itaingia kidogo, hilo haliepukiki, lakini kila kitu kingine ni kikavu.

Kazi hiyo ifanyike ndani ya nyumba, mbali na jiko lenye sufuria inayochemka na mbali na nguo zilizoanikwa ndani. Chai ya asubuhi nayo inywewe baadaye.

Punje za silika

Punje hizo ni zile zilizo ndani ya vifuko vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, la redio au la mkoba, vikiandikwa visiliwe. Kitu kilichomo huitwa silika. Inavuta mvuke na kuushikilia kwenye vitundu vyake vidogo sana visivyoonekana kwa macho.

Kifuko cha gramu moja kikiwa kikavu kinaweza kushika kama miligramu 200 za maji bila taabu. Linganisha na zile miligramu 24 za kasha la lita moja na utaona kwamba kifuko kidogo kinatosha na kubaki. Sharti ni hilo neno: kikavu. Kifuko kilichokaa wiki nzima juu ya kabati, kwenye hewa ya Mafia au ya Lamu, kimeshashiba. Ukikiweka kwenye kasha hakisaidii, na kasha likipigwa na jua kinaweza kurudisha maji kiliyokunywa. Kwa hiyo vifuko vikavu vikae kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana, na kitolewe kimoja tu wakati wa kufunga.

Punje zilizoshiba hukaushwa kwa joto. Kwenye oveni, nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili hivi huzirudisha. Kama huna oveni, zimwage kwenye sahani ya bati juu ya moto mdogo wa makaa, ukizigeuza, mpaka ziwe zimekauka, kisha zifungie kwenye chupa zikiwa bado vuguvugu. Usiziache juu ya moto mkali, zitaungua na kupoteza nguvu. Na vile vifuko vyenyewe, vya karatasi au plastiki, visiwekwe motoni. Mwaga punje kwanza, uzifunge upya ndani ya kipande cha kitambaa chepesi kisichotoa nyuzi.

Punje zenye rangi zinakuonyesha hali yake: kuna za chungwa zinazogeuka kijani zikishiba, na za buluu zinazogeuka waridi. Hizo za buluu zina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Usizikaushe kwenye sufuria ya chakula, na watoto wasizichezee.

Silika haifanyi kazi papo hapo. Inahitaji muda, nusu saa hadi saa nzima, kuvuta unyevu uliomo. Ukifunga kasha ukiwa tayari ukingoni mwa boti, ukungu utakuwahi. Funga nyumbani, na safari ya boti yenyewe itakupa muda huo.

Mchele je? Tunaujua mchele kwenye kikopo cha chumvi, na kila mtu ana jamaa aliyeizika simu kwenye gunia la mchele. Mchele huvuta unyevu kidogo na polepole mno ukilinganisha na silika. Tena una unga. Unga huo ukitua kwenye pete ya mpira, umefungua njia ya maji. Uacheni mchele upikwe.

Dawa za kuzuia ukungu, zile zinazopakwa kwenye miwani ya kuzamia, zinasaidia zikipakwa kwa ndani kwenye kioo cha mbele cha kasha cha plastiki, kwa safu nyembamba. Zisipakwe kwenye lenzi ya kamera. Hata hivyo hazipunguzi maji yaliyomo. Zinayafanya tu yatandae bila kuwa matone. Na ule mtindo wa wazamiaji wa kutema mate kwenye miwani ubaki hapo hapo kwenye miwani.

Ni ukungu au ni kuvuja?

Haya mawili yatofautishwe mapema, kwa sababu moja linaharibu picha na jingine linaua kamera. Ukungu unatanda sawasawa kama pumzi kwenye kioo, kwa kawaida kuanzia katikati, na kasha likipata joto unaondoka wenyewe. Kuvuja kunaonyesha matone yanayoshuka na kukusanyika chini, yanacheza ukitikisa kasha, na hayaondoki. Ukishafungua nyumbani, gusa maji hayo kwa kidole na ulimi: yakiwa na chumvi, yametoka baharini. Usionje kama betri imelowa.

Wengine huweka kipande chembamba cha pedi ya kike chini kabisa ya kasha, mbali na lenzi. Ni mbinu nzuri. Kinafyonza tone la kwanza kabla halijafika kwenye kamera, na kikionekana kimelowa unajua mapema kwamba kuna njia.

Njia hiyo karibu kila mara iko kwenye pete ya mpira inayozunguka mlango wa kasha, ile mafundi wa pampu na jenereta huiita oringi. Unywele mmoja ukilala juu yake, chembe ya mchanga, uzi wa taulo, punje ya chumvi iliyokauka, vyote vinatosha. Kabla ya kila safari ipitishe polepole kati ya vidole viwili safi na vikavu. Vidole vitahisi kile macho hayakioni. Pitia pia mfereji inapokaa, na ukingo wa mlango unaoigusa. Ikiwa ina mkato au imelala bapa, badilisha.

Grisi ipakwe tu kama kitabu cha kasha kinasema hivyo, na iwe ile inayotajwa humo. Kiasi ni kidogo sana: mpira ung'ae tu. Kazi yake ni kuifanya pete iteleze na kukaa sawa, haizibi tundu. Ukipaka nyingi inakusanya mchanga. Mafuta ya kupaka mwilini na mafuta ya kupikia yasitumike kabisa, kwani yanaweza kuvimbisha au kulainisha mpira. Na pete zilizotengenezwa kwa silikoni zinaweza kuvimba kwa grisi ya silikoni, kwa hiyo usiazime grisi ya mwenzako kabla hujajua pete yako ni ya aina gani.

Watu hudhani kina kirefu ndicho cha hatari zaidi. Kwa kasha zima lisilopita kina lilichotengenezewa, juu juu kuna hatari yake pia. Kila mita kumi za kina zinaongeza mgandamizo wa kama kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Mlango wa sentimita kumi kwa kumi, ukiwa mita kumi chini, unasukumwa kama umewekewa gunia la mahindi la kilo mia. Msukumo huo unaibana pete. Kwenye nusu mita hakuna gunia hilo. Kuna kibanio cha kasha peke yake. Ukijirusha kutoka kwenye boti na kasha mkononi, maji yanalipiga kwa ghafla kutoka pembeni kabla pete haijabanwa. Na papa potwe anapigwa picha hapo hapo juu juu. Ingia majini kwanza, kisha mwenzako akupe kamera taratibu.

Kasha jipya, au lililokaa muda mrefu, lijaribiwe tupu. Weka tishu kavu ndani, funga, lizamishe kwenye ndoo ya maji safi likiwa na jiwe juu, nusu saa. Bonyeza vitufe vyote likiwa chini. Toa, kausha nje vizuri, ndipo ufungue uangalie tishu. Ikiwezekana safari ya kwanza ya baharini nayo iwe bila kamera.

Ndani ya boti

Jua ni adui mwingine. Kasha lililoachwa kwenye benchi la boti saa sita mchana linachemka, na unyevu uliokuwa umetulia ndani ya plastiki na kwenye vifuko unatoka. Kisha unalitumbukiza kwenye maji yaliyo baridi zaidi yake kwa nyuzi nyingi. Huo ni ukungu wa uhakika. Liwekwe kivulini, limefunikwa kwa taulo lililolowa, au ndani ya ndoo yenye maji, ambayo pia inazuia chumvi isikauke kwenye vitufe.

Betri ijazwe kabisa usiku ili kasha lisifunguliwe baharini. Kama ni lazima ulifungue, jikaushe kwanza mikono, nywele na uso. Kausha kasha lote, hasa kwenye mwanya wa mlango ambako maji hujificha. Fungua ukiwa umelielekeza mlango chini ili tone lidondokee nje, na weka kifuko kipya cha silika.

Ukirudi, usikimbilie kufungua. Lizamishe kasha likiwa limefungwa kwenye beseni la maji baridi yasiyo na chumvi kwa nusu saa, ubonyeze vitufe. Najua visiwani maji hayo yanauzwa kwa ndoo. Maji ya mvua yanafaa, na beseni moja linatosha makasha ya boti nzima.

Mfuko wa simu

Mambo karibu yote hapo juu yanahusu pia mfuko wa plastiki wa simu unaouzwa stendi na sokoni. Ujaribu kwa tishu kabla ya kuweka simu. Toa hewa nyingi uwezavyo kabla ya kubana, lakini ujue kwamba hewa kidogo ndiyo inayoufanya uelee ukidondoka. Kioo cha kugusa hakifanyi kazi vizuri chini ya maji, kwa hiyo panga kamera kabla na utumie kitufe cha sauti kupigia picha.

Simu inayotangazwa kuwa haiingii maji isikudanganye kuhusu bahari. Alama ya IPX7, kwa mfano, inamaanisha ilizamishwa mita moja kwa dakika 30, katika maji yasiyo na chumvi, ikiwa mpya. Chumvi, mchanga na kudondoka kwa miaka miwili havikuwemo katika jaribio hilo.

Maji yakishaingia

Toka majini, kausha nje, fungua mlango ukiwa chini ili maji yamwagike. Zima kamera. Usiiwashe kuangalia kama inafanya kazi. Umeme ukikutana na maji ya chumvi hapo ndipo vyombo vya ndani vinapoungua na kuoza. Toa betri na kadi ya kumbukumbu. Betri iliyolowa maji ya chumvi isirudishwe wala kuchajiwa. Iweke nje juu ya mchanga au sakafu ya saruji, mbali na petroli ya boti na mbali na nyumba, kwa sababu inaweza kupata moto na kuvimba hata baada ya saa kadhaa.

Kamera iliyoingiwa na maji ya bahari huwa imeharibika tayari, na kuisuuza kwa maji safi, betri ikiwa nje, hakuiharibu zaidi ya chumvi inavyoendelea kuila. Fundi aipate siku hiyo hiyo kama inawezekana. Kadi ya kumbukumbu ina nafasi kubwa ya kupona: isuuze kwa maji safi, ipanguse, iache kivulini siku moja au mbili mpaka ikauke kabisa, kisha uisome kwenye kompyuta au simu nyingine. Kwa kawaida picha za samaki bado zimo.